Mwalimu, swali liko wapi?

Mara ya kwanza nilipowagawia wanafunzi wangu wa biashara kurasa mbili za kisa bila swali lolote chini yake, mmoja aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, swali liko wapi?"

Swali ndilo nililotaka walitafute.

Kisa kilihusu majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, yaliyoanza Oktoba 2005. Wateja hawakufika 500, mawakala walikuwa 8. Huduma ilibuniwa ili wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wafanye marejesho kwa simu. Wateja nao wakaanza mambo yao. Wengine waliwatumia ndugu zao hela, wengine walilipana wao kwa wao kwenye biashara, wengine waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika. Huku nyuma taasisi ya mikopo inahangaika kuoanisha hesabu za simu na za kwake.

Hapo nikakata. Mwisho sikuwapa.

Karibu darasa zima likaandika namna ya kuwarudisha wateja kwenye marejesho: semina, faini, hata zawadi za kanga. Kazi safi, ila wote walishaamua kwamba mteja ndiye mkosaji. Sikuwalaumu sana. Tangu shule ya msingi tunawapa maswali ambayo jibu lake moja limeshakaa kwenye mwongozo wa kusahihisha. Binti mmoja tu, ambaye mama yake ana kibanda cha uwakala, aliandika: "Kwani hawa watu wanataka nini?" Nikampa alama za juu kuliko wote. Kelele zilizofuata! Eti hakujibu kitu.

Nilipowaambia kwamba Machi 2007 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, iliizindua M-Pesa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, wakasema mbona hilo liko wazi. Hapo ndipo ninapogombana na visa vingi tunavyofundishia: ni hadithi za washindi, na ukishamjua mshindi huna tena cha kufikiri.

Wiki iliyofuata niliwaletea M-Pesa ya Vodacom Tanzania, 2008, iliyoanza kwa kusuasua. Wakabishana: ni uhaba wa mawakala, au ni kwa sababu Vodacom haikulishika soko kama Safaricom? Kengele ikalia hawajamaliza. Yule wa karatasi akanifuata mlangoni, akauliza kama hiki kitatoka kwenye mtihani.