Aliyepanga Hesabu ya Siku Naye Aulizwe

Mwaka 2006, vibarua kadhaa walikaa kwenye maktaba ya umma ya Seattle, Marekani, wakaandikisha wapigakura bila kuinuka kitini. Majina waliyachota kwenye vitabu vya simu na vitabu vya majina ya watoto, mengine wakayatunga papo hapo. Fomu zilipofika ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya King, makarani waligundua kwamba watu tofauti kabisa walikuwa na mwandiko mmoja. Uchunguzi ukahesabu fomu 1,762 za uongo, na mwaka 2007 watu saba wakafunguliwa mashtaka.

Mkenya au Mtanzania atashangaa. Kwetu unakwenda mwenyewe kituoni, unabonyeza vidole kwenye mashine, unapigwa picha. Marekani fomu inaweza kukufuata sokoni au mlangoni, imeshikwa na kijana anayelipwa na shirika fulani. Kwa nia njema kabisa, maana wengi wasingejiandikisha kamwe bila huyo kijana.

Wale wa Seattle walikuwa wameajiriwa na ACORN, shirika la kutetea watu wa kipato kidogo, kwa takriban dola 8 kwa saa, nao walitakiwa kurudi kila siku na idadi maalumu ya fomu. Mwendesha mashtaka, Dan Satterberg, alisema wazi kwamba hawakuwa na mpango wa kupiga kura za bandia. Walitaka kulipwa kwa kazi wasiyoifanya. Walimwibia mwajiri, kwa kifupi. Nakubali, ila kisa hakiishii hapo. Dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, atakata kona mahali fulani. Ukimkamata yeye ukamwacha tajiri, kesho pikipiki ina dereva mwingine na hesabu ni ileile.

Ndiyo maana napenda zaidi walivyofanya katika jimbo la Nevada. Oktoba 2008 wapelelezi walivamia ofisi ya ACORN mjini Las Vegas. Baadhi ya fomu zilikuwa na majina ya wachezaji wa Dallas Cowboys, timu ya jimbo jingine kabisa! (Mtu mvivu hata wa kudanganya.) Lakini wapelelezi hawakuishia kwenye fomu. Waliuliza mishahara ilivyolipwa, wakakuta bonasi ya dola 5 kwa kila aliyefikisha fomu 21 kwa siku. Sheria ya Nevada inakataza kulipa kwa idadi ya fomu. Shirika lenyewe likashtakiwa, likakiri kosa, na mwaka 2011 likatozwa faini ya dola 5,000. Faini ndogo, ndiyo, na shirika lilikuwa limeshafilisika. Ila aliyeulizwa safari hii alikuwa mwenye hesabu.

Wanasiasa wao waliona kura tu. Katika mdahalo wa Oktoba 2008, mgombea urais John McCain alidai ACORN inakaribia kufanya udanganyifu unaoweza kuharibu demokrasia ya nchi. Miaka minne baadaye kampuni iliyokodiwa na chama chake mwenyewe, Republican, ikakutwa na fomu za kutiliwa shaka Palm Beach, Florida, na chama kikaitimua. Mchezo huu hauna chama. Na jina la kubuni haliendi kituoni kupanga foleni. Madhara halisi ni kwa karani anayekesha akichambua mafurushi siku za mwisho, na kwa raia wa kweli ambaye fomu yake imezama humo.

Kenya nasi tuna deni letu hapa. Juni 2021 watu waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvisogelea. Sheria inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kelele nyingi ziliwaendea waliojaza majina, huku wengi wakishuku kwamba majina yalitoka kwenye madaftari ya wakala wa M-Pesa na ya mabawabu getini. Mimi ningeanza na daftari la malipo la chama: nani aliagiza majina mangapi, kwa bei gani kila jina, na kabla ya tarehe ipi.