Kabla hawajagusa ovari, picha isomwe vizuri

Dada yangu alipewa ripoti ya ultrasaundi ya mstari mmoja: "uvimbe ovari ya kushoto, sm 4". Basi, alafu akapangiwa oparesheni. Mpaka leo inaniuma, maana ile picha ilikuwa na mengi ya kusema na hakuna aliyeiuliza.

Endometriosisi (ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi inaota nje yake) ikiwa kwenye ovari, ile wengi wanaita sisti ya chokoleti, kwenye ultrasaundi ya kupitia ukeni inajionyesha yenyewe kama anayepima anajua anachotafuta. Sisti ya maji ya kawaida inakuwa nyeusi tii, ila hii ndani ina ukungu wa kijivu uliotanda sawasawa, ni damu ya zamani hiyo. Na mpimaji asiishie kwenye sentimita tu jamani, asukume taratibu na kile kifaa aone kama kizazi kinateleza juu ya utumbo au vimeshikana, aangalie kama ovari zote mbili zimevutwa zikagusana nyuma ya kizazi, maana zikiwa hivyo mara nyingi ugonjwa umeshaingia na sehemu zingine na hapo anatakiwa daktari mzoefu wa kazi hiyo. Pakiwa na utata ndo MRI, ile picha ya sumaku, inasaidia.

Kwanini nasisitiza? Kwa sababu ukibandua ukuta wa sisti kuna mayai yanaondoka nao. AMH, homoni ya kwenye damu inayoonyesha akiba ya mayai, inaweza kushuka baada ya oparesheni, na sisti zikiwa pande zote mbili hasara inazidi. Kunyonya ile damu tu nako haisaidii sana, inajaa tena. Kwa hiyo mtu mwenye sisti ndogo, maumivu yanatulia na dawa za homoni na anawaza kuzaa baadaye, mi naona afuatiliwe kwa picha kwanza. Ila kama ndani ya sisti kuna kinyama chenye mishipa ya damu, huyo asisubirishwe hata kidogo.

Alafu lile neno "ultrasaundi iko safi, huna kitu" liachwe kabisa. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, unakubali picha zitumike bila kumpasua kila mtu ili kuthibitisha, lakini unasema pia picha safi haifuti ugonjwa, vidonda vidogo kwenye utando wa tumbo havionekani.

Ukipewa ripoti ya mstari mmoja rudi nayo uulize: kizazi kinateleza? Ovari ya pili ikoje? Vifuko vya mayai vimehesabiwa vingapi kila upande?