Nguruwe Wangu Mtiifu

Jina la Mtiifu nilimpa siku ile ile nilipomfuga, kabla sijamjua.

Katika michezo ya kompyuta ya mtandaoni, ile ya kuigiza wahusika, mwindaji hatembei peke yake. Anaingia porini, anamtafuta mnyama, anambembeleza huku anang'atwa, na akivumilia hadi mwisho mnyama anakuwa wake. Wenzangu walikuwa na simba, mbwamwitu, mmoja ana buibui mkubwa kama meza. Mimi nikachagua nguruwe pori, kwa ubahili tu. Simba anataka nyama, na nyama inataka kuwindwa. Nguruwe unampa mkate, samaki, jibini, uyoga, chochote kilichojaa mkobani, anakula na kukutazama kama kwamba umemfanyia karamu.

Mchezo wenyewe sitautaja, maana yote nitakayosimulia niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnyama wa aina hii ana hali tatu. Ukimweka kwenye upole, hainui hata sikio, chinjwa mbele yake atakuangalia. Kwenye ulinzi, anamrukia yeyote atakayekugusa wewe au yeye. Kwenye ukali, anavamia chochote chenye pumzi kinachopita karibu, hata kama kilikuwa kinajipitia zake. Mwenye akili timamu hukaa kwenye ulinzi. Mimi usiku mmoja nilikuwa nawinda peke yangu, kidole kimechoka kubonyeza, nikamweka ukali ili ajitafutie kazi. Akafanya kazi vizuri mno. Kwa kweli alifanya vizuri hadi nikasahau kwamba nimemweka.

Halafu kuna mguno. Nguruwe akiguna, adui anamwacha yule aliyekuwa akimpiga na kumgeukia nguruwe. Ukiwa peke yako, mguno ni baraka: yeye anakula kipigo, wewe unapiga mishale kwa raha zako. Ukiwa na kikosi, mguno ni fitina. Kwenye kikosi yupo mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuvaa chuma na kupigwa kwa niaba ya wengine. Wa kwetu tulimwita Ngao. Mguno wa Mtiifu nilikuwa nimeuacha ujipige wenyewe, kila unapokuwa tayari.

Basi tukaingia pangoni watano: Ngao, dada mmoja mganga, mchawi wa barafu, jambazi wa visu, na mimi.

"Kaka, huyo mnyama wako yuko sawa?" Ngao akauliza kwenye vipokea sauti.

"Anaitwa Mtiifu," nikasema. Nikaona nimejibu.

Zimwi la kwanza lilitufundisha hali halisi. Ngao akalichapa, likamgeukia. Mtiifu akaguna, likamgeukia Mtiifu. Ngao akalitukana, likarudi. Mguno tena. Baada ya muda Ngao alikuwa analikimbiza zimwi, zimwi linamkimbiza nguruwe, nguruwe ananikimbilia mimi, na mimi namkimbilia mganga.

"Jamani," mganga akauliza kwa upole, "nimtibu nani?"

Tulishinda, sijui vipi. Tukaendelea, tukinyata ukutani ili tusiamshe vyumba vya pembeni. Kulikuwa na vyumba vingi vya pembeni, na kila kimoja kimejaa viumbe waliokaa wakisubiri mtu wa kuwachokoza. Nakumbuka nilijipongeza kwa jinsi tulivyopita kimya.

Mwisho wa njia palikuwa na ukingo. Chini yake ndiko anakokaa bosi, adui mkuu wa pango. Unaweza kuteremka kwa ngazi, lakini ngazi zinarudi nyuma na kuzunguka pango lote kupitia vyumba vile vile. Kila mchezaji huruka tu.

"Wenye wanyama, waondoeni kwanza," Ngao akatangaza. Wenye wanyama nilikuwa peke yangu. Kumwondoa mnyama, yaani kumfanya atoweke hadi utakapomwita tena, kunachukua sekunde chache za kusimama bila kutikisika, na mimi muda huo nilikuwa napanga mkoba. Nikasikia wenzangu wanatua chini, pu, pu, pu, pu. Nikaona nitachelewa. Nikaruka.

Hapa lazima nimtetee nguruwe. Mnyama wa kompyuta halioni pango kama unavyoliona wewe. Anachojua ni ramani ya vipande vya sakafu vilivyoshonwa pamoja, na akitakiwa kukufikia, anapigiwa hesabu ya njia fupi inayopita juu ya vipande hivyo. Hesabu maarufu ya kazi hiyo inaitwa A*, ilichapishwa mwaka 1968 na watafiti waliokuwa wakihangaika na roboti, na michezo inaitumia hadi leo. Ni hesabu nzuri sana. Lakini kama hakuna aliyekishona kipande cha juu ya ukingo na cha chini yake, kwa mnyama ule ukingo ni mwisho wa dunia. Mtiifu alifika hapo, akatazama, akaona bwana wake ametoweka katika utupu, na njia fupi kuliko zote ilikuwa ngazi.

Chini kulikuwa kimya. Mganga alikuwa anajaza nguvu zake. Mimi nikaona mstari wa damu ya Mtiifu, kwenye kona ya skrini, unapungua kidogo. Nikadhani ni hitilafu. Ukapungua tena. Hapo ndipo nikakumbuka ile hali ya ukali.

Kama ningemwacha, angefia chumba cha kwanza na aibu ingeishia huko. Lakini mimi ni mtu wa huruma, nikabonyeza "nifuate". Akaacha ugomvi, akaja, na wagomvi wake wakaja nyuma yake. Njiani akaona chumba cha pili, ukali ukampanda, akauma mmoja. Nikabonyeza "nifuate". Chumba cha tatu, akauma wawili. Nikabonyeza. Kwa maneno mengine, kama ungenipa kazi ya kulikusanya pango zima kwa utaratibu, nisingepata njia bora zaidi.

"Mbona kama nasikia ngoma?" jambazi akauliza.

Zilikuwa kwato. Mtiifu akatokeza kwenye kona na mkia juu, na nyuma yake msafara. Jambazi alihesabu 17 kabla hajafa. Mchawi anashikilia kwamba jambazi alikufa mapema mno kuweza kuhesabu.

Wawindaji tuna ujuzi mmoja ambao sijivunii: kujifanya maiti. Unaanguka, adui wanakusahau, wanakwenda kwa mwingine. Nikaanguka. Wote waliokuwa wananitazama mimi wakageuka kumtazama mganga.

"Maskini, mwindaji ameshakufa," akasema yule dada, naye ndiye aliyekuwa anakatwa. Sikumjibu. Maiti haongei.

Walianguka mmoja mmoja. Ngao alikuwa wa mwisho, na kwa kuwa marehemu hana kazi nyingine ila kuangalia skrini, akaanza kuchunguza orodha ya kikosi.

"Kaka. Maiti gani hii yenye damu iliyojaa?"

Nilikuwa bado natafuta la kusema. Viumbe walishaanza kurudi vyumbani kwao, wananipita juu, na pengine ningepona. Mtiifu alikuwa amesimama kando ya kichwa changu akinilinda, anahema, damu imebaki tone. Kiumbe wa mwisho alipopita, Mtiifu akamuuma.

Nikafa mara ya pili, safari hii bila kuigiza.

Tukiwa mizimu, tunakimbia kutoka makaburini kuitafuta miili yetu, mchawi akaona anifariji. Akasema mwezi Septemba 2005, ndani ya mchezo uitwao World of Warcraft, bosi aitwaye Hakkar alikuwa anaambukiza wachezaji laana ya damu inayoruka kutoka mtu hadi mtu. Ilitakiwa iishie mle mle kwake. Wawindaji wakawaondoa wanyama wao wakiwa wagonjwa, wakaenda mjini, wakawaita, na wanyama wakatokea na ugonjwa wao vile vile. Mitaa ikajaa mifupa ya wageni wa levo za chini. Mwaka 2007 hadi wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wakayaandikia makala katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases.

"Wewe umeua wanne tu," akamalizia.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu mwingine. Nilizima mguno. Nikamrudisha Mtiifu kwenye ulinzi. Nikatengeneza kitufe kimoja cha kumtuma kwa adui ninayemlenga mimi na si mwingine, na kingine cha kumwita arudi miguuni, nikafanya mazoezi saa nzima mbele ya sanamu ya mbao hadi vidole vikajua vyenyewe. Tukarudi pango lile lile, watano wale wale. Kwenye ukingo nikasimama, nikamwondoa mnyama wangu kwa heshima zote, sekunde zote, huku wote wakinisubiri na kunishangilia. Ndipo nikaruka.

Bosi tulimwangusha kwa shida, lakini tukamwangusha.

"Leo nguruwe katulia kweli," Ngao akasema. "Hata sikumwona. Umemfanyaje?"

Nikatazama kushoto kwangu, nikatazama kulia. Nikakumbuka kwamba kumwondoa nilimwondoa, kumwita tena sikumwita.

"Mazoezi," nikasema.