Mama Mkwe Hakutumbukia Bwawani

Naomba niseme mwenyewe, maana kuna rafiki yangu keshatangazia nusu ya mtaa kwamba nimemtumbukiza mama mkwe bwawani. Uongo. Mama hakwenda kwenye maji. Maji ndiyo yalimfuata mama, amekaa zake kwenye siti, kafunga mkanda.

Gari langu mnalijua, ile Volkswagen Beetle ya 1973. Masika haya imevuja mpaka basi. Raba ya kioo cha mbele ilishapasuka kama kisigino, nikaweka mpya, wapi! Sakafu inalowa vilevile. Na kwa msiojua, betri ya Beetle inakaa chini ya siti ya nyuma, kwa hiyo maji sakafuni si suala la soksi tu.

Jumamosi nikalala chini na tochi. Nikaona vitundu! Kila mlango, ukingoni chini kabisa, una vitundu. Kumbe wabaya wangu ni ninyi. Nikatoa silikoni, nikaziba kimoja kimoja, nikalainisha kwa kidole chenye mate, utadhani nimesomea Ujerumani. (Aliyeanza kucheka sasa hivi atulie, wenzake hawajafika.)

Usiku ikanyesha haswa. Asubuhi sakafu kavu! Kwa kiburi hicho nikampigia mchumba: mama asihangaike na daladala, nampeleka kanisani mimi.

Mama alipovuta mlango akasema, "Mlango wako mzito, mwanangu."

"Ndiyo vyuma vya Mjerumani hivyo, mama. Magari ya siku hizi ni makopo."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Njiani kila kona: gubu, gubu. "Umebeba dumu?" Nikamweleza kwamba Beetle tangi la mafuta liko mbele, ndilo hilo linacheza. Akaitikia kwa adabu. Nikakata kona ya kushoto.

Hapa twende polepole, maana nikifumba macho bado naona. Ubao wa ndani wa mlango ni karatasi ngumu tu, imeshikwa na vibanio pembeni. Ulikuwa umelowa tangu usiku. Ukatuna kando ya goti la mama, kama shavu la mtoto anayekataa uji. Kibanio cha kwanza: tik. Mama akaangalia chini. Cha pili: tik. Mama akaniangalia mimi. Nikatabasamu. Nilitabasamu nini, hata mimi sijui. Halafu vilivyobaki vikaachia kwa pamoja, ubao ukamlalia mapajani taratibu, kwa heshima zote, na nyuma yake maji. Si ya mvua tena. Rangi ya chai, harufu ya kutu, baridi, na jani moja la mwembe. Kitenge kipya. Kitabu cha nyimbo. Pochi ilikuwa wazi, na ndugu zangu, nilisikia pochi ikijaa.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Aliliokota lile jani kwa vidole viwili, akaliweka juu ya dashibodi, akasema:

"Mimi nilishabatizwa, baba."

Shemeji kule nyuma alikuwa ameshatoa simu. Sasa mnajua rafiki yangu alipata wapi habari.

Kanisani hatukufika. Nimetoboa silikoni yote kwa msumari. Mlango wa dereva peke yake ulitoa maji ya kuoshea vyombo vya shughuli. Fundi alipomaliza kucheka (alikaa chini kabisa) akanifahamisha: maji huingia mlangoni kila mvua, yanapita pembeni mwa kioo, na vile vitundu ndiyo njia yake ya kutokea. Kilichokuwa kinaniloweshea sakafu ni nailoni ya nyuma ya ubao, ilishachanika zamani. Nailoni! Tumeweka mpya, kazi ya asubuhi moja.

Mchumba alininunia siku nne. Jana usiku ndiyo kanitumia ujumbe wa kwanza: "Mama anauliza, Jumapili hii aje na sabuni?"