Nyumba ya kisiwani haikai peke yake

Juzi dalali mmoja alinitumia picha tano kwa simu. Nyumba kubwa ya mawe ya ghorofa moja, roshani inatazama maji, minazi nyuma, na ngazi ya mawe inashuka mpaka mchangani. Chini ya picha ameandika: "Nyumba ya kale, nafasi tele, kisiwa chako mwenyewe, hakuna jirani." Alitaka nimtafutie mteja. Picha nimezipenda, sitaki kusema uongo. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yamenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Mimi nimezaliwa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya nyumba ya namna hiyo hiyo. Ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, mnene kiasi cha mtoto kulala juu ya kizingiti cha dirisha. Vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti nzuri haivuki sana mita 3. Urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba alicholala bibi yangu.

Nyumba hizi zinanywa maji na kuyatoa. Mvua ya masika inaingia ukutani, kaskazi inaukausha, na chokaa inaruhusu unyevu upite. Ndiyo sababu wazee walikuwa hawaachi kutomea, yaani kuziba nyufa na matundu ya ukuta, na kupaka chokaa upya. Haikuwa pambo hata kidogo. Walikuwa wanaitunza nyumba kama mtu anavyoitunza ngarawa yake.

Kwetu tulikosea. Ami yangu, kwa nia njema kabisa, aliupiga saruji ukuta unaotazama bahari, kwa kuwa chokaa ilikuwa inabanduka na saruji ilikuwa inauzwa dukani pale pale mtaani. Mwaka wa kwanza uling'aa, sote tukamsifu. Masika ya tatu niliugonga kwa ngumi, ukalia kama debe tupu. Tukamwita fundi, mzee wa Ng'ambo aliyejifunza kazi kwa baba yake. Akatia patasi pembeni, na kipande kikubwa kama mlango kikaanguka kizima. Nyuma yake kulikuwa na unga wa majimaji uliochanganyika na chumvi. Ncha ya boriti iliyoingia ukutani ilikuwa laini. Niliichoma kidole, kikazama. Mzee hakutukaripia. Alisema tu, "Mmeukaba huu, wanangu," akaanza kuvua shati.

Kazi ile ilichukua miezi, na hapo ndipo nilipojua nyumba ya mawe inasimama kwa watu wangapi. Yuko anayechoma chokaa tanuuni na anayeiloweka, kwa sababu chokaa isiyoiva hupasuka ukutani. Yuko anayeleta boriti kwa dau. Fundi anajua jiwe lipi lilale na lipi lisimame, na kijana anampandishia ndoo. Jirani naye hupita asubuhi akasema, "Jamani, pale juu naona ufa." Sisi wenyewe hatukuwa tumeuona. Toa hao wote, uache mlinzi mmoja na kufuli, nyumba hiyo haimalizi miaka mingi.

Na si nyumba za watu wanyonge tu. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo kubwa kuliko yote ya mbele ya Forodhani, ndani ya mji uliomo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, mbele ya macho ya kila mtu. Sasa nifikirie nyumba iliyo kisiwani, isiyopitiwa na mtu.

Halafu hilo neno "kisiwa chako mwenyewe". Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1992 inasema ardhi ni mali ya umma, iko chini ya dhamana ya Rais. Mtu anapata haki ya kuitumia au anakodishwa kwa muda. Serikali yenyewe ilipoanza kuwapa wawekezaji visiwa vidogo mwaka 2021, ilikodisha. Dalali anayeandika "chako" anamwahidi mteja kitu asichokuwa nacho mkononi.

Visiwa vyetu vidogo, kwanza, havikuwa vitupu hata siku moja. Wavuvi wanapiga dago, yaani kambi ya muda, huko tangu enzi na enzi, wanalala siku kadhaa, wanakausha samaki, wanangoja upepo. Kisiwa cha Misali, upande wa Pemba, kina hadithi kwamba Nabii Hidhr alikifanya msala wake, na mvuvi wa Pemba akishuka pale anajichunga ulimi na mwenendo. Hata kisiwa cha Changuu, palipojengwa gereza mwaka 1893, pakaishia kuwa karantini, mahali pa kuwauguza na kuwachunguza wasafiri wa meli. Majengo yale yalijengwa kwa ajili ya watu wengi.

Mfano ninaoupenda ni kisiwa cha Chumbe. Mnara wa taa wa mwaka 1904 bado umesimama, msikiti wa mlinzi wa taa upo, na nyumba yake iliyokuwa gofu imefanywa pahala pa kupokelea wageni. Mwekezaji yupo, wageni wanalipa, wala sina tatizo na hilo. Lakini waliokuwa wavuvi walifundishwa ulinzi wa matumbawe, na watoto wa skuli wanapelekwa kujifunza. Nyumba ile ina macho mengi juu yake kila siku.

Kwa hiyo sipingi kuuza. Familia yenye warithi thelathini, nusu yao Muscat na Dubai, mara nyingi haina njia nyengine, na nyumba isiyo na mwenyewe hufa mapema zaidi. Ninachotaka ni mauziano yanayotaja kwa maandishi diko, pale wavuvi wanapofunga vyombo, njia ya kisimani na makaburi kama yapo, na yanayomfunga mnunuzi kutumia chokaa.

Nilimrudishia dalali maswali matatu. Kisima kina maji matamu? Wavuvi wanafunga wapi vyombo vyao? Na ukuta wa upande wa maji ulipakwa chokaa lini mara ya mwisho? Mawili ya kwanza hajayajibu. La tatu alinijibu magharibi ile ile: ukuta umepigwa saruji mwaka jana, hauna hata ufa.

Nimemwomba anipeleke nikaugonge.