Bunduki ya zamani haina vikorombwezo: sifa au upungufu?

Kati ya wawindaji na walenga shabaha kuna ubishi usiokwisha. Wapo wanaoapa kwa bunduki za bolti za mwanzoni mwa karne iliyopita, zile za kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono kila baada ya risasi: mtutu, kitako cha mbao, kilengeo cha chuma, basi. Na wapo wanaoona bunduki haijakamilika mpaka ifungwe darubini, tochi, leza, miguu ya kuegemea na kizuia sauti. Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa nusu ya sababu zinazotolewa huko haziniingii akilini.

Nianze na ile inayoingia. Mtambo wa bolti ulikomaa mapema mno. Mauser ya 1898, bunduki ya Kijerumani, inajifunga kwa meno mawili ya mbele, na jino la tatu likiwa nyuma kama akiba ikiwa yale mawili yatashindwa. Ukucha mpana wa chuma huidaka risasi mara inapotoka magazini, yaani kisanduku cha risasi, na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Hata mtu akibabaika na kurudisha bolti kabla haijafika mwisho, risasi ya pili haisukumwi nyuma ya ile iliyobaki ndani. Wamarekani walipounda Springfield ya 1903 walifuata mpangilio huo kwa karibu kiasi cha kulazimika kuilipa kampuni ya Mauser kwa kutumia hataza zake. Bunduki nyingi za kuwindia zinazotoka viwandani leo bado ni wajukuu wa mtambo ule.

Kuna kisa cha Winchester, kampuni ya bunduki ya Marekani, kinachowapa haki wapenzi wa vya zamani. Bunduki yake ya kuwindia, Model 70, ilitoka mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa namna hiyo. Mwaka 1964 kampuni ikabana gharama: ukucha ukaondolewa, na nakshi za kitako zilizokuwa zikikatwa kwa kisu zikaanza kugandamizwa kwa mashine. Wanunuzi waliliona hilo bila kuambiwa na mtu, na hadi sasa Model 70 za kabla ya 1964 zina wateja wake maalumu. Miaka mingi baadaye kampuni ikaurudisha ukucha. Anayesema "za zamani zilikuwa bora" huwa anaongozwa na hamu ya ujana wake tu, lakini hapa alikuwa na ushahidi mkononi.

Sababu ya pili inamhusu anayeishika. Bunduki isiyo na vikorombwezo haimwachii mtu pa kujificha. Kabla ya 1914 askari wa miguu wa Uingereza walizoezwa kupiga risasi 15 kwa dakika moja kwenye shabaha iliyo yadi 300 mbele, kama mita 270, kwa Lee-Enfield isiyo na darubini. Na mlenga shabaha mashuhuri wa Finland, Simo Häyhä, aliyehesabiwa kuua maadui zaidi ya 500 katika vita vya majira ya baridi ya 1939–40 dhidi ya Wasovieti, alipendelea kilengeo cha chuma. Darubini ingemlazimu kuinua kichwa zaidi, na vioo hushika ukungu kwenye baridi. Ila wanaomtaja kila siku husahau kwamba alikuwa mwindaji na mshindi wa mashindano ya shabaha kabla hata vita havijaanza. Ukinunua bunduki kama yake, hununui macho yake.

Na macho ndipo upande wa pili unapokuwa na hoja nzito. Kilengeo cha chuma kinalitaka jicho liangalie vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti: pengo la nyuma, ncha ya mbele na shabaha yenyewe. Jicho haliwezi kuviona vyote kwa ukali kwa wakati mmoja, na likishavuka miaka 40 hata ile ncha huanza kuyeyuka. Darubini huweka kila kitu katika tabaka moja na kukusanya mwanga wa alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama hutembea. Kwa mwindaji hilo si anasa, maana risasi iliyokosea kidogo humwacha mnyama akienda kufa porini kwa mateso. Kizuia sauti nacho kinasingiziwa mengi. Mlio wa bunduki hupita desibeli 150, na chombo hicho hupunguza kama 20 hadi 30. Masikio yakishaharibika hayatengenezeki.

Tena tusisahau kwamba tunazosifu ni zile zilizosalia. Ross ya Kanada ilikuwa ya zamani pia, na ilipiga vizuri uwanjani, lakini kwenye matope ya Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 ilikwama mpaka askari wakaitupa na kuokota Lee-Enfield za wenzao waliouawa. Springfield zilizotoka kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000 zilipikwa vibaya kiwandani, chuma chake kikawa chepesi kuvunjika, na nyingine zilipasuka mikononi. Kama ni urahisi wa muundo, hakuna bunduki rahisi kuliko Mauser ya 1871 waliyokuwa nayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki mwaka 1914: risasi moja moja, baruti nyeusi, na kila mlio wingu la moshi linalomwonyesha adui ulipolala.

Lipo pia dai kwamba za zamani ni nyepesi, nalo ni hadithi. Kar98k, Mauser ya askari wa Ujerumani katika vita vya pili vya dunia, ina karibu kilo 4. M4 ya jeshi la Marekani la leo, isiyofungwa kitu, haifiki kilo 3. Ya kisasa huifikia ya babu baada ya mwenyewe kuirundikia vitu, na hapo lawama si ya mhandisi. Reli ya Picatinny, utepe wa chuma wenye mifereji wa kufungia vikorombwezo, uliowekewa kiwango na jeshi la Marekani mwaka 1995, iliondoa usumbufu wa kila kiwanda kuwa na kifungio chake. Ubaya wake ni kwamba reli iliyo wazi humwasha mtu mkono hadi aongeze kitu. Kila kilichofungwa kina skrubu ya kulegea, na vingi vina betri ya kuisha.

Mfano unaonishawishi zaidi unatoka tena Kanada. Walinzi wa maeneo ya kaskazini, Canadian Rangers, walipewa Lee-Enfield mwaka 1947 na kukaa nazo takriban miaka 70. Kilichoziondoa ni uhaba wa vipuri. Katika baridi ile zilikuwa bado zinapiga. Zilizoingia mahali pake, C-19 zilizotokana na Tikka ya Finland, ni za bolti vilevile, risasi 10 vilevile, kilengeo cha chuma vilevile. Kilichoongezwa ni mtutu wa chuma kisichoshika kutu na mahali pa kufunga darubini kwa anayeitaka.

Hiyo ndiyo bunduki ningeichagua: mtambo wa karne iliyopita, chuma cha leo, darubini moja nyepesi, na kizuia sauti pale sheria inaporuhusu. Tochi, leza na miguu vibaki dukani. Na ningeongeza mkanda, kikorombwezo ambacho hata bunduki za 1898 zilikuwa nacho. Mtu akiuzungusha kwenye mkono na kuukaza, mtutu hutulia bila miguu ya chuma.