Kinachombeba mwanafunzi ni barua, si lifti

Ukianza mjadala wa wanafunzi wenye ulemavu kati yetu tulio Marekani na wenzetu wa nyumbani, watu hukimbilia vifaa: lifti, mashine za nukta nundu, milango inayofunguka yenyewe. Vifaa vipo, sikatai. Ila ukiniuliza kitu cha kuiga kesho asubuhi, nitataja karatasi moja.

Sheria mbili za Marekani, Kifungu cha 504 cha sheria ya urekebishaji ya mwaka 1973 na ile ya watu wenye ulemavu ya 1990, zinakibana chuo. Mwanafunzi akishapata nafasi anajiandikisha ofisi ya ulemavu, anawasilisha ripoti ya daktari, anakaa na mshauri, kisha inatoka barua ya kwenda kwa wahadhiri wake. Barua haitaji ugonjwa. Inasema apewe muda wa mtihani mara moja na nusu, aandikie chumba chenye utulivu, apate slaidi kabla ya kipindi. Mhadhiri asiyekubaliana nayo anajibizana na ofisi, na mwanafunzi anaendelea na masomo yake.

Panapokwama kwanza ni ile ripoti. Cheti cha hospitali kilichoandikwa jina la ugonjwa na kugongwa muhuri mara nyingi hakitoshi. Ofisi inataka kujua nini hasa kinashindikana: hasomi herufi ndogo ubaoni, mkono unakufa ganzi baada ya kuandika kurasa mbili. Mwambie daktari aandike hivyo, kwa Kiingereza, kabla hujapanda ndege. Pili, barua hairudi nyuma. Aliyefeli jaribio la kati ya muhula ndipo akaenda ofisini, lile jaribio kwa kawaida limeshapita. Vijana wetu wengi wananasa hapo kwa sababu ya aibu, maana wamelelewa kuficha. Na hakuna atakayekufuata: mpango wa msaada wa sekondari unaishia sekondari, na barua huombwa upya kila muhula.

Wasio na uwezo wana mlango wao, mradi wa serikali kuu ya Marekani uitwao Student Support Services, uliomo tangu 1968 katika TRIO, kundi la programu za kuwasaidia wanafunzi. Unawapokea wanaotoka familia za kipato cha chini, ambao mzazi hana shahada ya kwanza, au wenye ulemavu. Ndani yake kuna masomo ya ziada, mtu wa kukusaidia kuchagua kozi, na msaada wa kujaza fomu za fedha. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, hahusiki. Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba, na hapa nawasemea vijana wa Kikongo waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma: wengi wana sifa zaidi ya moja na hawajawahi kuusikia. Nafasi ni chache na si kila chuo kina mradi huo, kwa hiyo uliza wiki ya kwanza. Ofisi ya ulemavu yenyewe haichagui viza. Ila mwenye F-1 wa shahada ya kwanza asishuke chini ya krediti 12 za masomo kwa muhula kwa sababu ya ugonjwa kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijamkubalia, tena kwa barua ya daktari. Akishuka kimya kimya, anahatarisha uhalali wake wa kukaa nchini.

Tanzania hatuko mikono mitupu. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu inawapa kipaumbele yatima na wenye ulemavu tangu kwenye maombi. Yatima anapeleka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mwenye ulemavu anapeleka uthibitisho wa mganga. Kinachowaangusha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile. Lirekebishwe hilo mapema, si wiki ya mwisho ya dirisha la maombi.

Kazi inaanza bumu, yaani pesa ya mkopo, likishaingia. Desa, yaani notsi za somo, limepigwa picha kwa simu, limepinda, limetupwa kwenye grupu la WhatsApp. Mwanafunzi asiyeona anafungua NVDA, programu ya bure inayosoma skrini, nayo inanyamaza, kwa sababu kilichopo pale ni picha. Dawa yake ni CR, mwakilishi wa darasa, au mhadhiri kutuma faili la Word lenyewe, lile lililochapiwa kabla halijaenda stationery. Hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili. Wenzake watamsomea, ni kweli, na ukarimu huo huku Ughaibuni ni adimu. Lakini anayesomewa husoma saa wanayopenda wengine.

Mtihani nao. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2010, lakini mara nyingi muda wa nyongeza unategemea huruma ya msimamizi wa chumba siku hiyo. Na hata ukitolewa, hesabu inagoma: karatasi ya saa tatu ikiongezwa nusu inakuwa saa nne na nusu. Aliyeanza saa tatu asubuhi anatoka saa saba na nusu mchana, na karatasi ya pili iko saa nane. Atakula saa ngapi? Barua kama ile ya Marekani ikitoka mwanzo wa muhula, nakala moja ikaenda kwa anayepanga ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, karatasi ya pili inasogezwa siku nyingine. Ikitolewa wiki ya mitihani, ratiba imeshabandikwa ubaoni na kila mtu atakwambia haiwezekani.